Ekari Mia za Babu Absalom

Jumatatu, 21 Juni 1976

Jiwe limefika. Limeshushwa kwa winchi mbele ya mahakama, watu wazima wakipiga makofi kana kwamba limekuja kwa miguu yake. Granaiti ya kijivu, ndefu kunipita. Majina kumi na moja yameshachongwa, askari wa wilaya yetu waliompiga Mfalme wa Uingereza miaka mia mbili iliyopita. Chini ya jina la kumi na moja kuna nafasi ya jina moja. Moja tu.

Clell Ratliff, muuza matrekta na mwenyekiti wa Kamati ya Jiwe, katangaza. Mwenye babu wa kumi na mbili alete ushahidi kabla ya saa sita mchana, Jumatano tarehe 30. Fundi atachonga Alhamisi. Jiwe litafunuliwa tarehe 4 Julai, siku nchi inatimiza miaka mia mbili.

Nafasi hiyo ni ya babu yangu Absalom Tackett. Nililijua hilo palepale, kabla sijajua lolote kuhusu Absalom. Naishi kwenye ardhi yake. Zilikuwa ekari mia, leo zimebaki kumi na moja, na mtu yeyote hapa Pilot Springs atakwambia ekari mia maana yake nini. Vita vilipokwisha serikali haikuwa na fedha za kuwalipa askari. Ikawalipa msitu, huku Kentucky, ekari mia kwa miaka mitatu ya kubeba bunduki. Basi ekari mia ni askari mmoja. Hesabu ya darasa la tatu.

Kwa kinyozi nimesema Absalom alikuwa kapteni. Ilinitoka tu. Kofia ya pembe tatu, kama ya askari wa enzi hizo, nimeshanunua.

Nelva, mke wangu, kauliza nani atauza nyungunyungu wakati mimi nahangaika na marehemu. Nikamwambia duka la chambo litasubiri, historia haisubiri. Akasema historia imesubiri miaka mia mbili, lakini visamaki vya kwenye beseni havimalizi siku mbili bila kubadilishiwa maji. Haoni mbali, maskini.

Jumanne, 22 Juni

Nimekwenda mahakamani, chumba cha chini, kwenye vitabu vya ardhi. Kuna meza mbili. Moja iko dirishani, ina mwanga. Ya pili iko nyuma ya tanuri, ina buibui.

Ya dirishani ina Bi Odessa Prater. Miaka themanini na minne, njia ya nywele imenyooka kama rula, penseli tatu zimechongwa na kupangwa. Alinifundisha darasa la tatu. Alifundisha nusu ya mji huu kuandika, na nusu nyingine ilifundishwa na hiyo ya kwanza. Anamtafuta babu yake Micajah, ambaye kwao husemwa alikuwa askari. Anamtafuta kwa miaka arobaini. Hajapata hata mstari. Akina Prater hawakuwahi kuwa na ardhi, walilima mashamba ya watu, na asiye na ardhi hana hati, na asiye na hati ni nani atajua kama alizaliwa.

Kabla sijafungua kitabu akasema, "Orbin, onyesha mikono."

Nina miaka hamsini na nane. Nikaonyesha.

"Geuza."

Nikageuza. Akanituma nikanawe. Karani Dorsie Kemper alicheka mpaka akajificha nyuma ya kabati.

Lakini saa tano nilimpata! Kitabu cha upimaji, ukurasa wa 88. "Imepimwa kwa Absalom Tackett, ekari mia, kwa nguvu ya cheti cha askari namba 2417, kando ya Kijito cha Buckhorn, kuanzia mialoni miwili myeupe." Cheti cha askari! Nilipiga meza. Vumbi likaniingia puani nikapiga chafya nane.

Bi Odessa akaja na fimbo yake, akasoma taratibu, akanipongeza. Halafu akasema hiki kitabu ni nakala tu, makarani wa zamani walinakili upande wa mbele wa karatasi na kwenda kula. Karatasi yenyewe iko mji mkuu wa jimbo, Frankfort. Niiagize, na ikifika niigeuze. Mambo ya watu yako nyuma ya karatasi, kasema, mbele ni ya serikali.

Wivu. Miaka arobaini yeye, mimi asubuhi moja. Hata ningekuwa mimi lingeniuma.

Jumatano, 23 Juni

Hila ya leo ilikuwa rahisi: niwahi meza ya dirishani. Niamke mapema, nisimame mlangoni saa kumi na mbili na nusu, mlango ukifunguliwa saa mbili nikae mimi.

Nikafika. Ndani kuna taa. Bi Odessa yuko mezani kwake, anakula biskuti yenye nyama ya nguruwe juu ya leso, mbali na vitabu. Ana ufunguo wake mwenyewe!

Nilimlalamikia Dorsie alipokuja. Serikali gani hii, ufunguo wa mahakama kwa raia. Dorsie akaweka mkoba wake chini. Akaniuliza kama nakumbuka mafuriko ya mwaka 37. Nakumbuka, nilikuwa kijana, tulihama na kuku. Akasema basi wakati sisi tunahama na kuku, maji yalijaa chumba hiki mpaka rafu ya tatu. Wakubwa wakaamua vitabu vimeoza, vichomwe. Mwalimu mmoja akaomba apewe. Akavipeleka kwao kwa mkokoteni, akavifungua uzi, akaanika karatasi mojamoja kwenye kamba ya nguo, kwa vibanio. Majira yote ya kiangazi. Shule ikafunguliwa, akawa anaanika jioni. Karatasi elfu sita na kitu. Kisha akazishona upya kwa sindano ya magunia.

Nikauliza na ukurasa wa 88? Dorsie akasema hasa huo, ulikuwa umeshikana na wa 89 na mwalimu aliutenganisha kwa mvuke wa birika.

Nilirudi kwenye meza yangu ya buibui. Nikauangalia ukurasa wa 88 vizuri. Kweli, pembeni kuna alama ndogo mbili za kibanio. Kwa hiyo aliyemhifadhi Absalom wangu ni yeye, na kwenye karatasi zote hizo elfu sita hakuna hata Prater mmoja. Alianika ukoo wa kila mtu isipokuwa wake. Mtu kama huyo sijui umfanye nini. Nimemletea kahawa. Kaniambia nisiiweke juu ya meza.

Alhamisi, 24 Juni

Clell Ratliff hakuridhika na nakala ya kitabu. Eti anataka nakala ya karatasi yenyewe, yenye muhuri wa Frankfort. Nikamwambia neno la Tackett linatosha. Akasema ndiyo maana anataka muhuri.

Nikapiga simu Frankfort. Bibi wa huko mpole sana. Kauliza nataka nakala ya mbele au pande zote mbili. Nikasema mbele tu, nyuma ya karatasi kuna nini zaidi ya uchafu. Atatuma leo.

Visamaki thelathini na wawili wamekufa. Nelva amewapanga kwenye gazeti mlangoni ili niwaone nikiingia.

Jumamosi, 26 Juni

Siku mbaya. Nitaieleza kwa kuwa shajara ni siri yangu.

Niliwaza hivi. Muhuri wa Frankfort ni karatasi. Watu hawapendi karatasi, wanapenda kuona kitu. Wapimaji wa zamani walichonga miti ya mpakani. Mialoni ile miwili imekufa zamani, lakini penye kona ya shamba langu, kando ya njia, kuna mti mkubwa wa gome laini. Nikachukua patasi. Nikachonga: A. TACKETT ASKARI 1785. Nikapaka tope ili ionekane ya kale. Kazi safi. Nilikuwa nimerudi nyuma hatua tano kuisifu nikasikia fimbo.

Bi Odessa, anatoka kuchuma matunda pori, kikapu mkononi. Akavaa miwani. Akasoma. Akagusa, akanusa kidole.

"Bado inatoka maji," akasema.

Nikasema ni miti ya huku, ina unyevu sana.

Akaniambia mti huo aliupanda baba yake mwaka 1901, alipokuwa analima hapa kwa babu yangu. Yeye mwenyewe alishika mche, alikuwa na miaka tisa. Njia ya mwongo fupi, Orbin, na hii yako hata hatua haikufika.

Nilitaka ardhi ya Absalom inimeze, ekari zote kumi na moja. Nikangoja aende kumwambia Clell. Badala yake akarudi kuangalia tena, kichwa upande, jinsi alivyokuwa akiangalia daftari zetu.

"Herufi nzuri," akasema. "Ila hiyo K imelala. Tulishaongea kuhusu K yako."

Akaondoka na kikapu chake. Hakumwambia mtu. Jioni nimekwenda kwa kinyozi kupima hali ya hewa, hakuna anayejua. Angeweza kunimaliza mbele ya mji mzima kwa sentensi moja. Mimi ningekuwa na habari kama hiyo juu yake ningeipeleka redioni.

Jumapili, 27 Juni

Kanisani alikaa mbele, mgongo wima. Baada ya ibada tulikula uwanjani, maharage na mkate wa mahindi, na keki ya matabaka ya tofaa ambayo Nelva huoka. Bi Odessa alichukua kipande kidogo akamsifu Nelva. Mimi nilijificha nyuma ya mtu mnene.

Tukirudi nikamwuliza Nelva, kwa nini mwalimu asiachane na huyo Micajah? Miaka arobaini. Apumzike.

Nelva akasema kumbe sijui. Nikasema sijui nini. Basi akanieleza alichokisikia kwa mama yake. Siku moja, Odessa akiwa msichana, walikuwa dukani, na watu wanazungumza vita vya mababu. Baba yake akasema wao pia walikuwa na askari, Micajah. Babu yangu mzaa baba, Tackett mzee, akacheka mbele ya wote. Akasema, "Ungekuwa na askari ungekuwa na shamba. Prater hana shamba, Prater hana askari." Duka zima likacheka. Baba yake akalipa chumvi yake akatoka, na hakumtaja Micajah tena mpaka kufa. Odessa alikuwa amemshika mkono.

Sasa nimekumbuka. Maneno hayo nilikuwa nayasikia kwetu, yamekuwa msemo. Ukikosa kitu walichopata wenzako unaambiwa Prater hana shamba. Nimeyasema mwenyewe. Nimeyasema nikicheka.

Jumatatu, 28 Juni

Bahasha imefika!

Mbele kuna muhuri, kuna namba 2417, kuna Absalom Tackett, ekari mia. Nilicheza dansi kati ya mabeseni. Mteja mmoja aliyekuja kununua chenene aliondoka bila chenene.

Halafu nikaona kuna karatasi ya pili. Yule bibi wa Frankfort ametuma na nyuma. Kaandika kijibarua: nyuma tunatuma kila mara, bila malipo, watu wengi wamejuta.

Nikasoma. Nikakaa. Nikasoma tena nikiwa nimekaa.

"Mimi Micajah Prater, askari wa miguu, miaka mitatu katika jeshi la Virginia, nampa Absalom Tackett haki yangu yote katika cheti namba 2417, ekari mia, ambayo sijapata kuiona. Nimepokea farasi jike mmoja wa kijivu na mtungi mmoja wa wiski. Machi 1785." Chini kuna msalaba wa wino, na mkono mwingine umeandika: alama yake.

Absalom hakupigana na mtu. Absalom alinunua. Miaka mitatu ya miguu ya mwenzake aliipata kwa farasi na kilevi, akapimiwa, akajenga, akazaa, na mtu wa uzao wake, mwenye ardhi hiyohiyo, akasimama dukani akamwambia mtu wa uzao wa Micajah kwamba asiye na shamba hana askari.

Nimesikia joto masikioni. Kisha nikasikia kitu kingine, nacho nitakiandika pia. Nilisikia kwamba karatasi hizi zilikuja ndani ya bahasha yangu, kwa jina langu, na kwamba ya mbele peke yake ina muhuri na inatosha.

Nimeificha ya nyuma kwenye kopo la keki la Nelva, chini, chini ya karatasi ya mafuta. Hakuna anayefungua kopo hilo mpaka Jumapili. Keshokutwa kabla ya saa sita nampelekea Clell ile ya mbele.

Sijala chakula cha jioni. Maharage yalikuwa na chumvi nyingi. Nelva kasema ni yaleyale.

Jumanne, 29 Juni

Nimetoka kubadilisha maji ya visamaki saa nne, nikakuta rafu ya jikoni ni tupu. Kopo halipo. Nikauliza, sauti ikanitoka nyembamba. Nelva akasema ameoka keki, ameituma, hapana, ameipeleka mwenyewe kwa Bi Odessa, kwa sababu jana mwalimu alionekana amechoka na Jumapili alikula kipande kidogo kama dawa.

Ni nusu maili. Nilikimbia nusu maili. Sijakimbia tangu jeshi linikatae kwa ajili ya nyayo bapa mwaka 42.

Bi Odessa akafungua mlango, akaniona ninavyohema, akasema niingie nikae kabla sijamfia kizingitini. Kopo lilikuwa mezani, wazi, keki imekatwa vipande viwili. Karatasi ya mafuta bado iko chini yake. Akasema anakwenda kuchemsha kahawa. Akaenda.

Nikainua keki. Nikatoa karatasi. Ina madoa ya tofaa, basi. Nikaikunja, nikaitia ndani ya shati. Imekwisha. Nilikuwa nimeshika kitasa cha mlango.

Chumba chake kina madaftari kutoka sakafuni mpaka dirishani. Kila moja lina mwaka, 1936, 1937, hadi leo. Na mezani, karibu na keki, palikuwa na barua aliyoanza, mwandiko wake ule wa ubaoni, wino haujakauka vizuri. Sikukusudia kusoma. Nilisoma. Ilikuwa kwa Clell Ratliff na Kamati ya Jiwe.

Alikuwa ameandika kwamba yeye, Odessa Prater, amechunguza kitabu cha upimaji ukurasa wa 88, kwamba maandishi ni halali na hayakuchezewa, na kwamba kama karatasi ya Frankfort itakubaliana nayo, anaona hakuna aliye na dai bora kuliko Orbin Tackett. Na mwisho: "Kwa upande wangu sikumpata wa kwetu. Naomba nafasi isikae wazi kwa ajili yangu."

Kitasa nilikuwa nimeshakiachia. Birika lilianza kupiga kelele.

Aliporudi na vikombe nilikuwa bado pale. Nikatoa karatasi ndani ya shati. Nikaiweka mezani mbele yake. Nikamwambia nimegeuza. Nikamwambia ni jana niligeuza, si leo, na jana niliificha, na mahali nilipoificha asiniulize kwa sababu keki atakuwa hana hamu nayo tena.

Akavaa miwani. Akasoma taratibu kama anavyosoma kila kitu. Alipofika kwenye jina uso haukubadilika. Alipofika chini akaweka kidole juu ya ule msalaba wa wino, akakiacha hapo.

"Hakujua kuandika," akasema.

Nikasema hakujua, Mwalimu.

"Lakini tazama. Mkono haukutetemeka."

Chozi moja likashuka, akalifuta kwa ncha ya leso mapema kabla halijafika kwenye karatasi, kwa kuwa ni nakala ya serikali. Nikalia mimi kwa niaba yetu sote wawili, nikajitia nimepaliwa na tofaa. Nikamwomba msamaha kwa ya babu yangu dukani. Na kwa yangu, kwa mara zote nilizosema. Akasema baba yake angefurahi kuyasikia, na kwamba nile keki.

Sijapata kumwona mtu mkubwa hivyo akiwa amekaa kwenye kiti kidogo hivyo.

Jumatano, 30 Juni

Tulifika kwa Clell saa tano na nusu, mimi nimevaa kofia kwa sababu nilishainunua. Nikaweka karatasi zote mbili juu ya trekta jipya. Clell akasoma mbele, akanyoosha mkono anipongeze. Bi Odessa akasema, "Geuza, Clell." Naye alikuwa mwanafunzi wake. Akageuza mkono kwanza, kisha karatasi.

Jina la kumi na mbili litakuwa Micajah Prater.

Alikubali nimrudishe kwao kwa gari. Nikamwuliza, hana hasira kwamba ardhi ilikwenda kwa farasi? Ekari mia. Akasema Micajah alikuwa ametembea miaka mitatu, pengine mtu kama huyo alihitaji farasi kuliko msitu. Nimewaza hilo siku nzima. Miaka arobaini ya kutafuta, na ukamkuta babu yako amelanguliwa, na jambo la kwanza unalofanya ni kumwelewa.

Jumapili, 4 Julai

Mji mzima. Bendi, soda, bendera mpaka kwenye mbwa. Tackett hayupo kwenye jiwe. Nilisimama nyuma kabisa nikiwa tayari kuondoka kabla ya hotuba.

Clell akamwita Bi Odessa afunue. Akapanda na fimbo, akashika kipaza sauti. Akasema ana neno fupi. Akasema kuna watu wanaopata karatasi na kuisoma mbele tu, na wako wengi, nao si waovu, ni wavivu. Ila yupo mmoja aliyegeuza, na upande wa nyuma ukamkana yeye, naye akauleta. Akasema, "Orbin Tackett, njoo ushike pembe ya kitambaa. Na uvue hiyo kofia."

Nikavua. Tukavuta pamoja. Mbele za watu wale wale, pengine wajukuu wa wale waliocheka dukani, jina likatokea likiwa jipya na jeupe, na makofi hayakuisha. Akagusa ile M kwa kidole, akaifuata mpaka mwisho, akakagua herufi. Nadhani K ilikuwa haina tatizo, maana jina hilo halina K.

Nelva amenishika mkono njia nzima ya kurudi. Kasema leo ameoa mwanamume. Nikamwambia ni mimi niliyeoa. Akasema nisiharibu.

Nimejifunza. Nimeandika hapa ili nisisahau: kuridhika, na kugeuza. Kesho ni mabeseni na nyungunyungu, historia imekwisha.

Jumanne, 6 Julai

Haijaisha!

Nilipita mahakamani kumsalimu Dorsie tu. Juu ya kabati kulikuwa na orodha ya zamani, vitu ambavyo jeshi lilichukua kwa wananchi wakati wa vita: ng'ombe, shayiri, farasi. Na kwenye kanuni za Kamati imeandikwa wazi kwamba aliyelipatia jeshi farasi naye ni mzalendo. Mstari wa kumi na nne: "Farasi jike mmoja, wa kijivu. A. Tackett. 1781."

Wa kijivu! Ndiye yule yule. Jeshi lilimwazima, likamrudisha, waungwana hao, ndipo Absalom akampa Micajah. Kwa hiyo Micajah hakulanguliwa hata kidogo, alipewa farasi aliyepigana. Ukoo wetu una askari, ila ana miguu minne.

Nafasi je? Hapo ndipo mafunzo ya Bi Odessa yananisaidia. Kila kitu kina upande wa nyuma. Nimelizunguka jiwe mara tatu. Nyuma ni tupu kabisa, panatosha jina, mwaka, na picha ya farasi akiwa ameinua mguu.

Orodha nayo ina maandishi nyuma, yanaonekana kwa mbali ukiiinua kwenye mwanga. Mistari mingi, na neno moja kama "wizi". Sikuigeuza. Miwani niliiacha dukani, na Dorsie alikuwa anafunga.

Kwa kinyozi nimeshasema alikuwa farasi wa jenerali.